Mama Hajawahi Kupanda Treni

Mama anauza mitumba Kongowea. Tangu treni mpya ianze kubeba abiria Juni 2017, hajaipanda hata mara moja. Hana jamaa Nairobi, na siku ya kufunga kibanda ni siku ya kulala bila chochote mfukoni. Lakini reli hiyo anailipia. Alianza kuilipia 2013, miaka minne kabla ya treni ya kwanza kuondoka Miritini.

Mwaka huo serikali ilianzisha ushuru wa maendeleo ya reli: asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Tangu hapo umepandishwa, ukashushwa, ukapandishwa tena. Kuondolewa, haujaondolewa. Anayeulipa bandarini ni mwagizaji. Mwagizaji anautia kwenye bei ya robota, mama analinunua robota kwa bei hiyo, naye anamtupia mzigo mteja anayekuja asubuhi kuchagua kamera, au yule anayengoja fagia jioni. Hakuna anayepewa tiketi.

Kwa hiyo mtu akiniambia reli ile tulijengewa na Wachina, humuuliza: kwa hela za nani?

Tunapenda sana hesabu za kilomita. Chukua Sh bilioni 327, gawa kwa kilomita 472 za Mombasa hadi Nairobi, unapata karibu Sh milioni 690 kwa kila kilomita. Watetezi wa mradi wanasema hapana, hesabu pia njia za kupishania na za vituoni, jumla kilomita 609, na bei itashuka. Wabishane. Chuma, kokoto na zege vina gharama, na kuinua madaraja ili ndovu wa Tsavo wapite chini si kazi ya bure. Swali langu ni jingine: bei ilipotajwa, nani alikuwa upande wetu wa meza?

Hapakuwa na zabuni ya ushindani. Upembuzi yakinifu ulifanywa na China Road and Bridge Corporation, kampuni ileile iliyokuja kupewa kazi ya kujenga. Mama aliishia darasa la saba, lakini hawezi kumwacha fundi apime paa, ataje idadi ya mabati, kisha amuuzie mabati hayo yeye mwenyewe. Benki ya Dunia nayo ilishasema 2013 kwamba kukarabati reli ya zamani kungegharimu sehemu ndogo tu ya fedha za kujenga mpya. Mwaka uliofuata tukakopa Exim Bank ya China, karibu nusu ya mkopo ikiwa kwa riba ya kibiashara. Masharti yakafichwa hadi Novemba 2022, waziri Kipchumba Murkomen alipochapisha sehemu ya mikataba. Ndipo tukasoma kwamba mgogoro ukizuka, utaamuliwa Beijing.

Deni kubwa lilihitaji mizigo mingi. Mizigo haikuja kwa hiari, ikalazimishwa. Makontena yaliyokuwa yakishughulikiwa Mombasa yakaamriwa yapande treni moja kwa moja hadi Embakasi. Mjomba wangu alikuwa karani katika yadi ya makontena Changamwe. Mwaka 2019 yadi ilipunguza watu, naye akiwemo. Mwaka huohuo watu wa Mombasa waliandamana barabarani, mjomba akiwa kati yao na shati lake la kazini. Ulazima huo uliondolewa Septemba 2022. Kazi yake haikurudi. Mishahara aliyoikosa haimo ndani ya ile bilioni 327, wala biashara ya mama ntilie aliyekuwa akiwapikia pale getini.

Najua nitaitwa adui wa maendeleo. Basi nikiri: mimi nimeipanda, tena mara nyingi, nikienda chuo. Nililipa Sh1,000, na tangu Januari 2024 nalipa 1,500. Ni safi, ina usalama kuliko basi la usiku, na asubuhi ukipita Tsavo unasahau shida zako. Ndiyo maana nina uchungu. Ninayefaidi ni mimi niliyesoma. Anayelipa ni mama, na watoto wake wasiopanda, na mteja wa fagia.

Reli ya zamani ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na Waingereza hawakuwauliza babu zetu chochote. Hilo twalielewa, ulikuwa ukoloni. Lakini hii imejengwa chini ya Katiba ya 2010, inayotaja ushiriki wa wananchi na haki ya kupata habari. Hapa hatuna mkoloni wa kumlaumu.

Tangu 2019 njia mpya imekoma kwenye nyanda za Suswa, na kila mara tunaahidiwa itafika Kisumu na Malaba. Sipingi ifike. Nadai tu kwamba kabla taruma la kwanza halijalazwa, mkataba uchapishwe wote, upembuzi ufanywe na mtu asiyetafuta kazi ya ujenzi, na zabuni ziwe wazi. Nadai pia tuambiwe mapema nani atalipa, ili mama asije akagundua kwenye bei ya robota.