Nyungu au oksijeni? Somo la korona ambalo Unguja bado inalihitaji

Januari 31, 2021, chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona na anatibiwa Hospitali ya Mnazi Mmoja. Februari 17 alifariki dunia Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na miaka 77.

Wakati huo Tanzania ilikuwa haitoi takwimu za korona. Hesabu ilikuwa imesimama tangu Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Mitaani, kuanzia Darajani hadi Makunduchi, ushauri ulikuwa mmoja tu: mchaichai, mkaratusi, tangawizi, shuka, jifukize.

Je, waliobaki nyumbani walikosea? Si wote.

Nyumbani kulikuwa na hoja

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa takriban asilimia 80 ya wagonjwa hupona bila kuhitaji kulazwa. Kwa hao, kupumzika, kunywa maji mengi, panadol na chumba cha peke yao ndiyo tiba yenyewe.

Hata dawa ya deksamethasoni ilithibitisha hilo. Utafiti wa Uingereza wa Juni 2020 ulionesha inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni, haikuleta faida.

Tatizo la nyungu

Mvuke unaweza kufungua pua. Hakuna ushahidi kwamba unaua kirusi, na maji ya moto yanaunguza. Lakini hasara kubwa zaidi ni muda. Mgonjwa anafukizwa leo, anafukizwa kesho, huku mapafu yanazidi kuharibika.

Korona ina hila: wiki ya kwanza huonekana mafua tu, wiki ya pili ndipo kifua kinapobana. Wengine oksijeni hushuka huku bado wanazungumza vizuri. Familia inayomtazama usoni inadanganyika.

Kipimo kidogo cha kubana kidoleni hakidanganyiki kirahisi hivyo. Kawaida ni 95 kwenda juu. Chini ya 94, mpigie mtu wa afya. Chini ya 90 ni dharura. Mwenye presha, sukari au umri mkubwa asisubiri kufika huko.

Kwa nini watu walichelewa?

Hofu. Kwetu mgonjwa akilazwa, wodi inajaa jamaa na chupa za uji. Korona ilimaanisha kuingia peke yako. Na wengi waliogopa zaidi kufa huko, wakazikwa bila watu wao kuwaosha.

Pia kuna njia. Nungwi ni karibu kilomita 60 kutoka mjini. Usiku wa manane gari unaipata wapi? Hata Mji Mkongwe, hospitali ikiwa jirani, mgonjwa hubebwa kwenye ngazi kali na vichochoro ambavyo gari haipiti. Na "chumba cha peke yake" ni ndoto kwenye nyumba ya watu kumi.

Nini kimebadilika?

Septemba 2021 IMF iliidhinishia Tanzania dola milioni 567 za kukabiliana na korona. Sehemu ya fedha hizo ilifika Zanzibar, na hospitali za wilaya zikajengwa. Safari imefupika kwa watu wa shamba. Ila jengo halitamtoa mgonjwa kitandani kwake.

Na korona si kirusi pekee. Homa ya dengi nayo hutibiwa nyumbani kwa wengi, lakini hatari yake mara nyingi huja homa *inaposhuka*, siku ya tatu hadi ya saba, pale familia inaposema "alhamdulillahi, amepona". Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo au fizi zikitoka damu, ni hospitali. Aspirini na ibuprofeni asipewe.

Kwa hiyo nyumbani na hospitali si maadui. Kinachoua ni kuchelewa kutoka pamoja kwenda pengine. Nyumba nyingi huanza kujadiliana usiku ule ule: anasubiriwa mume arudi, anapigiwa mjomba, anatafutwa mwenye gari. Hayo yajadiliwe siku ya kwanza ya homa: nani anamwangalia mgonjwa, dalili ipi inatosha, na gari ya nani itakuja.