Kuchagua Rafadha ya Mota

Baba wa jamaa anunuaye mota ya mashua hutazama nguvu zake, asitazame rafadha, lile panga lizungukalo majini. Twaona hasara nyingi huanzia hapo.

Kwa desturi rafadha huandikwa namba mbili za inchi. Ya kwanza ni upana wa duara lake. Ya pili ni hatua ambayo ingepiga kwa mzunguko mmoja, kama maji yasingeteleza. Hatua ikiwa kubwa, mashua tupu hukimbia. Lakini pakieni watu sita na magunia ya muhogo, mota itaelemewa, itakula petroli, hata pistoni zaweza kuungua. Ikiwa ndogo mno, mota huzunguka kupita kiasi bure.

Tena ziwa Tanganyika liko karibu meta 770 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na mota hupungukiwa karibu sehemu 8 katika 100 za nguvu zake. Basi rafadha isifiwayo pwani pengine itailemea mota ile ile huko Kalemie.

Twawashauri: pakieni mashua kama siku ya soko, fungueni petroli yote, fundi apime mizunguko kwa dakika na kuilinganisha na kitabu cha mota. Ikipungua 400, chagueni hatua fupi kwa inchi 2 hivi. Rafadha ya alumini yatosha. Ikigonga jiwe, mara nyingi huvunjika yenyewe na kuyaponya meno ya gia. Ya akiba ikae chini ya kiti, pamoja na pini na spana yake.