Kahawa ina kipimo, kompyuta nayo iwe nacho

Mnunuzi wa kahawa mjini Moshi akiambiwa "bei ni 220" hatoi hundi. Atauliza kwanza: 220 ya nini? Mkulima wa Kibosho au Marangu hulipwa shilingi kwa kilo ya kahawa ya maganda katika chama chake cha msingi. Mnadani bei hutajwa kwa dola za Marekani kwa kilo 50 za kahawa safi. New York wao hutaja senti za dola kwa ratili. Senti 200 za New York ni kama dola 220 za Moshi, na anayechanganya vipimo hivyo amekula mtaji wake kabla gunia halijapakiwa.

Cha ajabu, mnunuzi huyo huyo hulipia programu ya kanzidata ya kutunza majina ya wakulima, kilo zao na malipo yao, wala hataki kujua faili la mipangilio limeandikwa nini.

PostgreSQL ni kanzidata inayotolewa bure na kutumika duniani kote. Mstari wake wa shared_buffers hupanga kumbukumbu. Ukiandika 128MB, unapata megabaiti 128. Ukiandika 128 tupu, programu huhesabu vipande vya kilobaiti 8 na kukupa megabaiti 1. Haigomi, inakwenda polepole tu, na siku yenyewe ni ile ya malipo, foleni imefika barabarani. Mstari wa statement_timeout nao, ukiachwa na 30 tupu, ni milisekunde. Aliyedhani ni sekunde ataona kazi zake zinakatwa ovyo. Waliotunga programu hiyo wanaruhusu kipimo kiandikwe, na wanastahili sifa. Kosa lao ni kuipokea namba tupu.

Hatari kubwa zaidi ni mistari ambayo hakuna aliyeigusa. Mapema mwaka 2017 maelfu ya kanzidata za MongoDB zilifutwa na wahalifu waliodai fidia kwa bitcoin. Hawakuvunja kufuli, zilikuwa wazi kwenye intaneti bila nywila, nyingi zikiwa kama zilivyowekwa siku ya kwanza. Baadaye mwaka huo toleo la 3.6 likaja likiwa limefungwa: kompyuta nyingine haiingii mpaka mwenye mali aruhusu.

Wauzaji wa programu hujitetea kwamba fundi atarekebisha. Fundi gani? Yule aliyepanda Rombo mara moja, akafunga mitambo, akashuka na basi la jioni? Ni kweli kwamba programu iliyofungwa huleta simu nyingi za wateja wanaodhani imeharibika, na simu hizo ni gharama. Lakini gharama hiyo ni ya muuzaji. Daftari la wakulima likipotea, hasara ni ya chama na ya kila aliyekikopesha. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamdai anayetunza majina na namba za simu za watu azilinde.

Basi malipo ya mwisho yazuiwe hadi muuzaji alete mipangilio yote kwenye karatasi, kwa Kiswahili, kila namba na kipimo chake, kila mlango ulio wazi na sababu yake. Ununuzi Kilimanjaro huchangamka kuanzia Julai. Karatasi hiyo idaiwe kabla mizani haijatolewa stoo.