Sauti kwanza, wafuasi baadaye

Wasee, mwigizaji wa tamthilia ya muziki hachaguliwi kwa wingi wa wafuasi TikTok. Nimeona mhusika mkuu mwenye sura na jina, lakini sauti ikitakiwa kupanda, anaiachia kwaya imwokoe. Na tikiti nimelipa mimi!

Mbongeni Ngema alipounda Sarafina!, alimwamini Leleti Khumalo, msichana wa mtaa wa KwaMashu, Durban. Mwaka wa 1988, akiwa na miaka 18 tu, aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony kule Marekani.

Sasa nyinyi waandalizi wa Nairobi, mchujo mmoja ufanyieni Kitengela, mwingine Kajiado mjini. Huku kuna vijana waliopikwa na tamasha za drama za shule, wanaimba huku wanacheza na pumzi haiwaishi. Lakini nauli ya kwenda Kenya National Theatre na kurudi inawachuja kabla hawajafungua mdomo.