Ngao ya shangingi: pale Nanyala unajikinga na nani?

Wadau, samahani kwa kimya cha wiki mbili. Nilikuwa likizo kwa mjomba, Nanyala. Kwa msiopajua, ni Mbozi, mkoa wa Songwe (kabla ya 2016 tulikuwa watu wa Mbeya), kwenye ile barabara kuu ya TANZAM inayokwenda Tunduma. Simama kando ya lami nusu saa tu uhesabu malori. Utachoka wewe kabla hayajaisha. Yanakwenda Zambia na Kongo, yanarudi na shaba. Na katikati ya malori hayo wamo bodaboda, wazee na baiskeli zao, akina mama wenye ndoo kichwani, na watoto wa shule. Hao watoto msiwasahau, nitawarudia.

Mjomba kanunua gari. Prado ya mtumba, imetoka Japani, inang'aa utadhani haijawahi kuona vumbi. Nilipofika nilimkuta nje na fundi wa kuchomelea, wanapima pua ya gari kwa futi kamba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa. Umekuja wakati mzuri, tunaivisha ngao."

Ngao yenyewe mnaijua. Lile dude la mabomba ya chuma linalofungwa mbele ya gari, likapanda hadi kufunika taa na kufikia boneti. Fundi alishachora chini kwa chaki: mabomba mazito, matatu ya kulala na mawili ya kusimama, pembe zikichomoza nje ya gari pande zote mbili. Bei laki sita na nusu na rangi nyeusi juu. Nikauliza, mjomba, hii ya nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini nyumba ina paa. "Kujikinga."

Kujikinga na nani? Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia, na nauhamishia hapa kwa sababu najua wengi mnaosoma ukurasa huu ama mnalo shangingi, ama mnalitamani, na ngao mnaiona ni sehemu ya gari kama usukani.

Tuanze na wenye ngao zao. Australia dereva anaweza kukaa saa kadhaa porini bila kuona nyumba, na jioni kangaruu wanarukia barabarani. Ukimgonga mmoja akapasua rejeta, umekwama mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe ni ya kuhesabu. Kwa hiyo wakatengeneza ngao. Kampuni ya ARB ilianza Melbourne mwaka 1975 ikitengeneza vifaa vya magari ya porini, na wenzetu wale wana hadi viwango rasmi vya ngao tangu 2002. Wana sababu, sina ugomvi nao. Hata hapa kwetu, mtu wa doria Katavi au Rungwa anayeendesha kwenye vichaka na magogo akinunua ngao nzuri nitamsaidia kuifunga.

Lakini Nanyala hakuna kangaruu. Hakuna tembo anayevuka lami. Nilimuuliza mjomba anataja mnyama gani, akasema ng'ombe. Sawa, ng'ombe wapo. Ng'ombe wetu wa kienyeji ana kilo mia mbili na kitu, mrefu wa miguu, na ukimgonga kwa kasi mwili wake unaweza kupanda juu ya boneti kuja kwenye kioo. Bomba la mbele halikuhakikishii kwamba halitatokea hilo. Hapo kinachokuokoa ni breki, taa, na mguu wako kuwa mwepesi kwenye mafuta. (Mbozi tunacho pia kimondo, kile kikubwa pale Marengi. Nikamwambia mjomba labda anasubiri kingine. Hakucheka.)

Sasa tuseme ukweli ambao hatupendi kuusema. Kitu kinachogongwa na magari pale Nanyala ni mtu. Mtu wa miguu, mtu wa baiskeli, mtu wa bodaboda. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani ni hao hao, wasio na bati wala kioo cha kuwakinga. Mimi kazi yangu ni habari, na hizi ajali nimeziandika. Aya moja, ukurasa wa ndani: "amegongwa na gari na kufariki papo hapo." Tunaandika jina la marehemu, umri, jina la kamanda aliyethibitisha. Sijawahi hata siku moja kuandika gari lilikuwa limefungwa nini mbele. Sikuwahi kuuliza. Ni aibu yangu, naiweka hapa.

Maana kilichopo mbele kina maana kubwa. Gari la siku hizi limeundwa pua yake ibonyee. Bampa ni la plastiki, nyuma yake kuna kitu laini, kisha vyuma vinavyojikunja makusudi. Boneti imeachiwa nafasi juu ya injini ili kichwa cha mtu kikitua pale, bati liingie ndani kidogo. Watu wamelipwa mishahara miaka mingi kutafuta hizo sentimita chache za kubonyea. Halafu sisi tunakuja na bomba la chuma, tunalifunga kwa boti moja kwa moja kwenye chesisi, mbele ya vyote hivyo. Mtoto wa darasa la kwanza ana urefu wa mita moja na kidogo. Bomba la juu la ngao ya fundi wetu lilikuwa karibu mita moja kutoka chini. Pigeni hesabu wenyewe ni sehemu gani ya mtoto.

Wazungu walizipiga hizo hesabu zamani. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo namba 2005/66 kwamba ngao ya gari haiuzwi mpaka ipite majaribio, na mojawapo ni kuirushia kifaa chenye umbo la kichwa cha mtoto ili kupima itamuumiza kiasi gani. Kichwa cha mtoto, jamani. Siyo cha ng'ombe. Zile za mabomba magumu zikashindwa kupenya. Huku kwetu kipimo ni futi kamba na chaki.

Na mwenye gari naye asijidanganye. Hiyo Prado ina mifuko ya hewa inayofumuka kwenye usukani ukigonga kitu. Inaamua kufumuka kwa kusoma jinsi pua ya gari inavyopunguza mwendo ghafla. Ukifunga chuma kisichobonyea, umebadilisha hayo mahesabu: mfuko unaweza kuchelewa, au kufumuka kwa kigongo kidogo. Na lile pigo ambalo vyuma vya kujikunja vilitakiwa kulimeza linaingia ndani, linakufuata kifuani. Halafu kuna uzito. Ngao ya chuma ya gari kubwa ni kilo 50 hadi 80, wakati mwingine zaidi, zote zinaning'inia mbele ya tairi za mbele. Springi zinalala, tairi zinaliwa, na ukikanyaga breki pua inainama zaidi. Mtu anaongeza uzito halafu analalamika gari halishiki njia!

Mjomba si mjinga, nisije nikamchora vibaya. Alinipa hoja moja iliyonikalisha. Msimu wa mvua huwa anashuka Kamsamba kununua mpunga, na ile njia ya bondeni ikilowa inameza gari hadi milango. Anataka winchi, na winchi inahitaji kushikiliwa na kitu. Hiyo ni haja ya kweli. Nikakesha nayo.

Jibu langu ni hili. Winchi haihitaji mabomba yanayofika kwenye boneti. Zipo fremu zinazofungwa kwenye chesisi nyuma ya bampa lile lile la kiwandani, winchi ikajificha ndani, inabaki tundu la kamba tu. Gari la tani mbili na nusu litafutie winchi ya kuvuta kama tani nne, yaani mara moja na nusu ya uzito wake, maana tope hushika. Weka na ndoano imara mbele na nyuma, uwe na mtu wa kukuvuta. Na kama lazima uwe na ngao kamili, basi nunua iliyotengenezwa kwa modeli ya gari lako, iliyothibitishwa kwamba haiingiliani na mifuko ya hewa, isiyo na pembe kali, isiyofunika taa wala namba. Ni ghali. Ndiyo, ni ghali mara nyingi kuliko laki sita na nusu. Ukiona huiwezi, huo ni ushahidi kwamba huihitaji, kwa sababu anayekwenda porini kikweli keshaipigia bajeti. Na mwenye bima kubwa amwambie mtu wa bima kabula hajafunga, asije akasikia habari nyingine siku ya kudai.

Wengi wetu hatuendi popote. Gari linatoka Mwanjelwa kwenda ofisini, linarudi. Ngao ni ya kumwambia mwenye bodaboda akae pembeni. Tuliiona kwenye mashangingi ya wakubwa, tukajifunza kwamba heshima barabarani inatengenezwa kwa chuma.

Wakati wa kurudi kutoka Dar mwaka jana nilipita Mikumi. Pale barabara ile ile ya TANZAM inakatiza hifadhini, na kuna faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Twiga ni dola 15,000. Madereva wanapunguza mwendo, hata wale wa mabasi, kwa sababu wanajua bei. Kasi ya juu ndani ya makazi ni kilomita 50 kwa saa kisheria, Nanyala ikiwemo. Nimesimama pale na mjukuu wa mjomba, ana miaka saba, anavuka kila asubuhi kwenda shule. Gari lililopita mbele yetu halikuwa na haraka ya 50, na lilikuwa na ngao.

Nilimwambia mjomba ampeleke yule mjukuu asimame mbele ya Prado, halafu fundi apime tena. Alikasirika, akaniambia nimesoma sana. Niliondoka bila kuagwa vizuri.

Jana usiku kapiga simu. Fundi karudishiwa chaki yake. Lakini sasa mjomba anataka taa sita juu ya paa, na ananiuliza mimi, msomi, zipi zinamulika mbali zaidi. Mwenye kujua aandike hapo chini.