Ushauri wa baruti uwe na mwenyewe

Yaya zangu na wadogo zangu mnaoshuka mashimoni Kamatanda, nanyi wawindaji wa misitu ya kuzunguka Likasi, nina ombi kuhusu jambo tunalopeana kwa nia njema kabisa: ushauri wa baruti.

Mji wetu umeizoea baruti. Kiwanda cha baruti cha Afridex kiko hapahapa Likasi, na miamba ya kampuni ya madini ya Gécamines ilikuwa ikilipuliwa zamani sana kabla hatujaingia na nyundo na patasi. Ndiyo maana jiwe likigoma hakosekani mtu wa kusema, "Wanasema ukifanya hivi linapasuka." Akiulizwa nani anasema, hajui.

Mwindaji naye humpa jirani kipimo anachoshindilia kwenye gobore lake. Kwake kimefaa miaka mingi. Lakini mtutu wa jirani umetengenezwa na fundi mwingine, una kutu ndani, chuma chake ni chembamba. Kipimo kilekile kinaupasua karibu na uso wake, na vidole vinakwenda. Aliyeshauri hakudanganya, alisema ya bunduki yake tu.

Hata shimo ni hivyo. Kanuni za madini zinamkomesha mchimbaji mdogo kwenye mita 30. Mwenzako akikuambia alizipita na akarudi salama, hajapima udongo wako, wala hajui mvua ya Novemba itaufanya nini.

Nawasihi: ukipewa ushauri wa namna hii, uliza ni wa nani, aliujaribu wapi, na yeye mwenyewe alikuwepo? Ukikosa jibu, ushauri huo ukomee kwako. Nanyi wazee mliopata ajali, semeni. Tunasimuliana yaliyofaulu tu, na yaliyoharibika tunayazika pamoja na marehemu, kisha kijana anarudia kosa lilelile akidhani ni wa kwanza. Kidole kilichokatika kina mengi ya kufundisha kuliko jiwe lililopasuka.

Na kuna mahali ushauri wote unakoma. Ukiona kijibomba cha alumini au cha shaba kinachotoshana na kalamu, chenye nyaya mbili zinazoning'inia, usikiokote. Najua waya una bei. Najua mtoto atataka kuuvuta. Hicho ndicho kiwasha baruti, na hata kikiwa kikuukuu kinaweza kulipuka mkononi. Vilevile baruti iliyotegwa ikakataa kuwaka: usiichokoe, usiitoboe, ondoa watu, weka alama kwa mbali, umwite fundi mwenye kibali. Na hata iliyolipuka vizuri huacha hewa ya sumu shimoni, mara nyingine bila harufu wala moshi wa kuonekana.

Wakuu wa mashimo, waombeni watu wa SAEMAPE, idara ya serikali ya kuwasaidia wachimbaji wadogo, waje kuzungumza na vijana wenu mbele ya wote, maswali yaulizwe hadharani. Na kesho asubuhi, kabla kamba haijafungwa, mwonyesheni mdogo kuliko wote kwa kuchora mchangani umbo la kile kijibomba, mumwambie asikiguse.