Mtafiti wa saratani asomeshwe Tanga

Mwaka 2024 Tanzania iliachana na dozi mbili za chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi na kubaki na dozi moja, tena kwa wasichana wote wa miaka 9 hadi 14 badala ya wale wa miaka 14 peke yao. Sehemu ya ushahidi uliouwezesha uamuzi huo ilitoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwanza, jaribio la DoRIS liliwafuatilia wasichana 930 na kuonyesha kuwa dozi moja huamsha kinga ya kutosha mwilini. Kenya, utafiti wa KEN SHE ulionyesha kuwa dozi hiyo moja iliwakinga wanawake vijana dhidi ya virusi hatari vya HPV kwa zaidi ya asilimia 97 katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja. Kwa nchi inayochanja mamilioni ya watoto, kupunguza dozi moja ni akiba kubwa ya fedha na ya muda wa wauguzi. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na watafiti wetu, na ndiyo maana suala la nani anasomeshwa utafiti wa saratani, na wapi, si la kuwaachia wafadhili peke yao. Hoja yangu ni kwamba sehemu ya mafunzo hayo, hasa ya uzamivu na ya miaka michache inayofuata, inapaswa kuwekwa Tanga.

Sababu ya kwanza ni aina ya saratani tulizonazo. Duniani kote, takribani saratani 13 katika kila 100 husababishwa na maambukizi. Afrika kusini mwa Sahara ni zaidi ya robo. Ukanda wa pwani unayo maambukizi hayo kwa wingi. Kichocho cha mkojo, ambacho kwa vizazi kimewasumbua watu wa pwani ya Tanga, Unguja na Pemba, kinatambuliwa rasmi kimataifa kuwa kisababishi cha saratani ya kibofu. Uvimbe wa saratani wa taya za watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza Kampala mwaka 1958 hufuata maeneo yenye joto, mvua na malaria kali, na mkoa wetu umo katika maeneo hayo. HPV haihitaji maelezo: saratani ya mlango wa kizazi, inayosababishwa na virusi hivyo, ndiyo saratani inayoongoza kwa kuwaua wanawake wa Tanzania. Anayetaka kujua kwa nini mtoto mmoja mwenye malaria hupata uvimbe huo na mwenzake hapati, au ni baada ya miaka mingapi kichocho kisichotibiwa hugeuka saratani, hawezi kupata jibu akiwa maabara ya Boston peke yake. Lazima awafuate watu vijijini kwa miaka mingi.

Sababu ya pili ni kwamba Tanga inaijua kazi hiyo. Kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na katikati ya karne iliyopita kikawa makao ya utafiti wa malaria wa Afrika Mashariki. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina vituo Muheza na Tanga mjini. Korogwe ilikuwa miongoni mwa maeneo 11 ya Afrika yaliyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Muhimu zaidi, kazi hiyo ilizaa wasomi. Ushirikiano wa NIMR, hospitali ya KCMC ya Moshi na vyuo vikuu vya London na Copenhagen uliwasomesha Watanzania hadi uzamivu kwa mada zilizotoka Korogwe na Muheza, na baadhi yao ndio walioyasimamia majaribio yaliyofuata. Ujuzi wa kuchambua vinasaba vya vimelea vya malaria kutoka tone la damu hauko mbali na ule wa kutafuta virusi vya saratani. Anayetoka kwenye malaria kwenda kwenye saratani haanzi sifuri.

Pengo liko mbele kidogo. Chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, MUHAS, kinafundisha madaktari bingwa wa saratani, na shahada za uzamivu zinapatikana Dar es Salaam, Moshi na Mwanza. Lakini anayehitimu uzamivu hurudi kwa mwajiri wake na kukuta ratiba ya vipindi au foleni ya wagonjwa, bila fungu la utafiti wala msimamizi. Kwingineko miaka mitatu au minne inayofuata uzamivu ndiyo ya kujijengea jina chini ya mtafiti mzoefu, akilipwa kwa kazi hiyo tu. Kwetu ndiyo miaka ya kufifia.

Wapo watakaosema tuanze na mashine na dawa, kwa kuwa wagonjwa wanakufa sasa. Uchungu wa hoja hiyo ni wa kweli, ila wagonjwa wetu wengi hufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road saratani ikiwa imekwisha kusambaa, na mashine hata iwe mpya namna gani haiwezi kurudisha muda huo. Kujua nani yuko hatarini, na kumpima kwa njia inayowezekana katika zahanati ya Pangani, ni matunda ya utafiti. Tena nafasi chache za watafiti hazifikii bei ya mashine moja ya mionzi.

Wengine watasema Kampala inatosha, kwani mwaka 2014 mradi wa Benki ya Maendeleo ya Afrika uliipa Uganda jukumu la kuwa kituo cha umahiri wa saratani, na Tanzania ikapewa la magonjwa ya moyo. Ni kweli, na vijana wetu waende huko. Ila Kampala yenyewe inatufundisha jambo: taasisi yake ya saratani ilianzishwa mwaka 1967 kwa nguvu ya Wamarekani, na walipoondoka miaka ya utawala wa Idi Amin iliendelea kufanya kazi kwa sababu alikuwapo Mganda aliyeandaliwa, Charles Olweny. Kituo cha kanda kinaweza kufundisha maabara, lakini hakiwezi kuwafuata watu wa Mkinga, hapa Tanga, kwa niaba yetu.

Hofu ya kwamba tutawasomesha kisha wakimbilie Ulaya ina msingi, lakini msomi hukimbia pale kazi inapokosekana, na nafasi ya utafiti yenye mshahara ndiyo inayombakiza. Kuhusu fedha, mwaka 2025 ulitupa onyo. Mei mwaka huo, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusitisha utaratibu wa kupitisha ruzuku zao kwa washirika walio nje ya nchi hiyo, na miradi mingi ya Afrika ikabaki njia panda. Kwa hiyo Wizara ya Afya na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, zitenge kila mwaka nafasi chache, hata nne tu, za watafiti waliokwisha kuhitimu uzamivu, zikaliwe NIMR Tanga na Hospitali ya Bombo kwa ushirikiano na MUHAS na KCMC, zikilipwa kutoka bajeti ya ndani, huku wafadhili wakikaribishwa kuongeza na si kuanzisha.